Hans Rosling: miaka 20 ya konzo na muhogo, mbona dunia inakumbuka viputo tu?

#1 Binti Takwimu
Salaam wakuu. Kila Hans Rosling, yule daktari na mwanatakwimu wa Uswidi, anapotajwa, anatajwa kwa ile chati ya viputo inayotembea: nchi zinapanda, zinashuka, na Mswidi mmoja anaruka mbele ya ukuta kama mtangazaji wa mpira. Dai langu ni hili: kazi iliyomjenga ilikuwa konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo mchungu. Alianza kuuchunguza Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, Agosti 1981, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, mwaka 1986, kisha akaendelea nao karibu miongo miwili. Bila Nacala zile chati zisingekuwa na nguvu. Mnaonaje? Na kwa nini upande wa muhogo umesahaulika hata huku kwetu, wakati Tarime, Mbinga na Mtwara zimo ndani ya historia hiyo?

#2 Mlinzi wa Kumbukumbu
Naunga mkono, ila tuweke msingi sawa kabla uzi haujajaa. Rosling hakuugundua ugonjwa huu. Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo. Jina konzo ni la Wayaka wa huko huko, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Msumbiji wenyeji waliuita mantakassa. Mchango wa Rosling na wenzake ulikuwa kuunganisha mlipuko wa Nampula, mkoa ilipo Nacala, na wa Kongo wa zamani, kuonyesha kwamba ni kitu kimoja, na kulifanya jina la Wayaka litumike duniani kote.

Tena mlipuko wa Nampula haukuwa wa mtu mmoja. Walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 1,100, na Julie Cliff, daktari wa Australia aliyekuwa Wizara ya Afya Maputo, ni jina la kwanza la kutaja. Taarifa yao ya mwaka 1984 ilitoka kwa jina la Wizara.

#3 Nyamongo Asilia
Shukrani #2. Kwa Tarime: ukame, kisha mlipuko mwaka 1985. Utafiti wake ulitoka mwaka 1990, William Howlett akiwa mwandishi wa kwanza, pamoja na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Rosling. Walieleza wagonjwa 39. Mlingi akaenda kufanya uzamivu wake Uppsala juu ya usindikaji wa muhogo Tanzania, akamaliza mwaka 1995. Kwa hiyo mkisema "kazi ya Rosling", ndani yake kuna Mtanzania aliyeijua mihogo kuliko Mswidi yeyote.

#4 Daktari wa Kata
Kwa wasiougua wala kuuona, konzo ni hivi. Mtu mwenye afya njema analala, au anatoka kutembea mbali, na ndani ya saa chache hadi siku kadhaa miguu yote miwili inakakamaa. Haiendelei kuzidi, lakini hairudi. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1996 ni vitatu: mwendo wa kukakamaa ulio sawa pande zote mbili, ulianza ghafla, chini ya wiki moja, kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha ukasimama hapo hapo, na goti au kifundo kikigongwa kwa kinyundo mguu unaruka kupita kiasi, bila dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Anayetembea bila fimbo ni kundi hafifu, mwenye fimbo moja au mbili ni la kati, asiyeweza kutembea bila kushikwa ni kali.

Kosa la kawaida ni kuuita polio. Polio hulegeza misuli, na mara nyingi mguu mmoja hudhurika kuliko mwingine. Konzo hukakamaza, tena sawasawa. Wanaopata zaidi ni watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na wanawake wa umri wa kuzaa. Chini ya miaka miwili ni nadra sana.

Nacala mwanzoni hakuna aliyejua. Virusi viliwekwa mezani, sumu iliwekwa mezani, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, hata silaha ya kemikali iliwekwa mezani.

#5 Kaka wa Bagamoyo
Mbona bibi zetu wamekula muhogo miaka nenda rudi na wanacheza ngoma mpaka alfajiri? Wakurya hamjui kupika, semeni ukweli.

#6 Nyamongo Asilia
@Kaka wa Bagamoyo mtani wangu, nyie mnakula muhogo mtamu wa kuchemsha na nazi, tena samaki pembeni. Chukua mchungu wa ukame, ukose samaki, ukose maharage, halafu uje tuongee ngoma.

#7 Mhandisi wa Chakula
#6 kasema kwa utani lakini ndiyo sayansi yenyewe. Ndani ya seli za muhogo kuna linamarini. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kimekaa kwenye ukuta wa seli. Viwili hivi havikutani mpaka seli zipasuke. Vikikutana, linamarini inavunjika hatua mbili na mwisho inatoka sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo huruka hewani yenyewe. Usindikaji wote wa muhogo mchungu ni kutafuta namna ya kupasua seli na kuipa sianidi muda wa kuondoka.

Sasa angalia njia zetu:

Kuloweka siku tatu au zaidi mpaka mzizi uwe laini unaobonyea: inaondoa karibu yote. Seli zinalegea, vijidudu vinasaidia.

Makopa, yaani kumenya na kuanika vipande vizima juani: dhaifu. Seli hazijapasuka, na kadiri kipande kinavyokauka kimeng'enya kinakosa maji ya kufanyia kazi. Vipande vikubwa vinaweza kuonekana vyeupe na vizuri huku sumu ikiwa imebaki ndani.

Kuvundika, ukungu ukaota, kisha kukwangua na kuanika: bora kuliko makopa peke yake, ingawa haifikii kuloweka.

Kutwanga na kuanika kwa haraka, ile chinyanya ya Masasi: kutwanga kunapasua seli vizuri, tatizo ni haraka. Watu wenye njaa hutwanga, huanika, hutwanga, na hula siku ile ile. Mlingi na Rosling waliandika mwaka 1992 kuhusu watu waliolewa sumu ghafla huko kwa njia hiyo: kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma, saa chache tu baada ya ugali.

Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Mwaka wa ukame unga wa kijijini hupita hapo mara nyingi, kwa sababu mmea uliokosa maji hujaza linamarini zaidi.

#8 Ndugu wa Bukavu
Jambo kwenu wote. Huku Kongo maelezo ni tofauti kidogo. Bandundu, magharibi mwa Kongo, haikuwa na ukame. Thorkild Tylleskär, mwanafunzi wa Rosling, alionyesha kwamba barabara ya lami ilipofika, Kinshasa ikawa inanunua muhogo kwa wingi. Mama aliyekuwa analoweka siku tatu akaanza kuloweka siku moja ili awahi lori. Pesa iliingia, muhogo haukuiva majini, miguu ikakakamaa. Kwa hiyo chanzo ni soko, wala si hali ya hewa. Na konzo imeandikwa hata kwetu Kivu ya Kusini.

#9 Mwanakijiji Mtwara
Ndugu wa Bukavu, soko peke yake halitoshi. Mtwara na Mbinga konzo ilionekana miaka ya 2000, na huko hapakuwa na lori la Kinshasa. Mimi nasema ni umaskini wa kitoweo. Mwili huondoa sianidi kwa kuifunga na salfa na kuifanya thayosianeti, ikatoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini: samaki, nyama, mayai, kunde. Ukila bada, yaani ugali wa muhogo, asubuhi na jioni na mboga ya majani tu, salfa inaisha na sianidi inabaki ikizunguka. Ndiyo maana vijiji vya kando ya bahari vinaweza kula muhogo ule ule na kusalimika.

#10 Daktari wa Kata
Hata hapo hapajafungwa. Wapo wanaosema sianidi yenyewe si mharibifu, ila salfa ikipungua baadhi ya sianidi hugeuka sianeti, na hiyo ndiyo hula mishipa mirefu ya fahamu. Wapo wanaolaumu linamarini inayopita tumboni bila kuvunjika. Tena kuna swali zito: nyumba moja, chungu kimoja, mtoto mmoja anapata na mwingine hapati. Kuna wanaoangalia vijidudu vya tumboni. Kinachokubalika na wengi ni mkutano wa mambo mawili: sianidi nyingi kwa wiki kadhaa na protini yenye salfa kidogo.

#11 Mwalimu wa Hesabu
Turudi kwa mleta uzi. Mimi napinga. Kilichomjenga Rosling ni kwamba alisoma takwimu NA udaktari Uppsala, kati ya 1967 na 1974, akapita Bangalore mwaka 1972 kusoma afya ya jamii. Madaktari wengi wameona milipuko na hawakuwahi kuchora chochote. Angalia hesabu yake ya Nacala, ambayo kwangu inashinda chati zote. Mwaka mmoja hospitali yake ililaza watoto 946, wakafa 52. Akajiuliza: wilayani wanakufa wangapi? Watoto 15,000 wanazaliwa kwa mwaka, vifo vya watoto Msumbiji wakati huo ni asilimia 26, basi ni vifo 3,900. Yaani hospitali ilikuwa inaona asilimia 1.3 ya vifo. Ukimpa kila aliyelazwa dripu na huduma ya kifalme, bado karibu 99 katika kila 100 wanafia nje ya macho yako. Ndipo akaamua muda na pesa viende kwa wahudumu wa vijijini, chanjo na zahanati ndogo.

Hesabu hiyo haihitaji kompyuta. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kuifanya leo kwa namba tatu: waliozaliwa, kiwango cha vifo, na vifo vilivyotokea hospitalini.

#12 Binti Takwimu
@Mwalimu wa Hesabu mbona mfano wako umetoka Nacala? Unaniunga mkono huku unanipinga.

#13 Mwalimu wa Hesabu
Nacala ilimpa namba. Kuzigawanya alijua tangu Uppsala.

#14 Mchora Ramani
Hamjamtaja Anna Rosling Rönnlund na Ola Rosling, mkwe na mwana. Programu ya viputo, Trendalyzer, waliijenga wao. Shirika lao la Gapminder lilianzishwa Stockholm mwaka 2005, Hans akapanda jukwaa la TED, lile la hotuba fupi zinazosambazwa mtandaoni, Februari 2006, na Machi 2007 Google ikainunua programu. Kwa maelezo yangu, siri ni familia: mmoja anajua wilaya, mmoja anajua msimbo, mmoja anajua macho ya mtazamaji yanaangalia wapi.

Wengi wanaoiga ile chati huiharibu, kwa hiyo nieleze inavyosimama. Mhimili wa chini ni pato kwa mtu, na uko kwenye kipimo cha logi: kila hatua sawa ni pato kuongezeka mara mbili, wala si kuongezeka dola ile ile. Ukiweka kipimo cha kawaida, nchi nyingi za Afrika zinabanana kwenye kona ya kushoto na huoni Rwanda ikisogea. Mhimili wa juu ni umri wa kuishi. Kiputo ni idadi ya watu, na hapa ndipo vijana wanapokosea: idadi ilingane na ENEO la kiputo, si kipenyo. Nchi yenye watu mara nne ya nyingine ipewe kipenyo mara mbili tu. Ukitumia kipenyo moja kwa moja, China inameza ukuta mzima.

Jedwali liwe na safu nne: nchi, mwaka, kipimo, thamani. Mwaka usio na takwimu uachwe wazi kwanza, ndipo uamue kama utajaza kwa mstari kati ya miaka miwili inayojulikana. Ukijaza, mwambie msomaji. Na usiandike sifuri kwenye pengo.

#15 Mlinzi wa Kumbukumbu
Hilo la sifuri ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwaka 2014 Rosling alikwenda Monrovia kufanya kazi ndani ya Wizara ya Afya ya Liberia wakati wa Ebola. Moja ya mambo aliyoyasimamia ni kutenganisha wilaya iliyoripoti wagonjwa sifuri na wilaya ambayo haikuripoti kabisa. Kwenye jedwali vilikuwa vinafanana, lakini moja ni habari njema na nyingine huenda ni maafa. La pili: mchoro uliosambaa duniani ulikuwa wa wagonjwa WANAOSHUKIWA, ukipanda tu. Walipopanga waliothibitishwa na maabara kwa tarehe, waliona mkunjo umeshaanza kushuka. Kila aliyehofia alikuwa anahesabiwa mshukiwa, kwa hiyo hofu yenyewe ilikuwa inaupandisha mchoro.

#16 Mkosoaji Mwema
Niseme upande wa pili, maana uzi unakuwa wa sifa tu. Viputo ni wastani wa nchi. Kiputo cha Kongo kikipanda, eneo la vijijini kama Popokabaka, huko huko Kongo, linaweza kuwa limesimama pale pale na konzo yake. Mtu aliyetumia miaka 20 kwa watu wasioonekana kwenye takwimu akaishia kuwa uso wa takwimu za wastani. Wakosoaji walimwambia pia kwamba alichagua vipimo vinavyopanda vizuri, vifo vya watoto, elimu, umri wa kuishi, na akagusa kidogo mazingira.

#17 Mchora Ramani
Haki itendeke. Kwenye hotuba ile ile ya 2006 aliipasua Uganda vipande vitano, kuanzia tano ya maskini hadi tano ya matajiri, na kuonyesha kwamba wastani unaficha. Na pale Karolinska, chuo cha tiba cha Stockholm, aliwapima wanafunzi wake: jozi tano za nchi, chagua yenye vifo vingi vya watoto. Walipata wastani wa 1.8 kati ya 5. Kubahatisha tu kungewapa 2.5. Maana yake walikuwa na elimu iliyopitwa na wakati, si kukosa elimu. Kazi ya wastani ilikuwa kuvunja hilo.

#18 Mkosoaji Mwema
Alipasua mara moja jukwaani. Watu waliondoka na nini kichwani, vipande au viputo?

#19 Dada Nampula
Mimi nina maelezo mengine ya kwa nini alitulia hivyo mbele ya namba: aliona gharama ya kuharakisha. Aliliandika mwenyewe. Mwaka 1981, wakati bado haijulikani kama ugonjwa unaambukiza, kiongozi wa Nacala alimuuliza kama jeshi lizuie barabara. Yeye akajibu kwamba ni lazima kufanya kitu. Barabara ikafungwa. Akina mama waliokuwa wanakwenda sokoni Nacala na watoto wao wakakosa basi, wakawaomba wavuvi wawavushe kwa bahari. Mitumbwi ikapinduka, wakafa wote. Na ugonjwa haukuwa wa kuambukiza hata kidogo. Alibeba hilo maisha yake yote, akalisema hadharani ili wengine wasirudie. Aliyefunga barabara kwa kukisia hawezi tena kudharau swali la "tuna uhakika gani?"

Kwa hiyo mimi niko na mleta uzi, ila si kwa sababu ya muhogo. Ni kwa sababu ya mitumbwi ile.

#20 Ndugu wa Bukavu
Dada, hilo ni zito. Ongeza Makanga, Bandundu, mwaka 1989. Rosling na wenzake walifika kupima damu, wanakijiji wakawazingira na mapanga wakidhani damu inaibiwa ikauzwe. Mama mmoja wa kijiji ndiye aliyesimama akawaeleza watu kwamba chanjo ya surua nayo ilitokana na utafiti, na akatoa mkono wake apimwe. Lugha ya kuelezea sayansi kwa watu wenye hasira Rosling aliisikia kwa mama asiye na viatu, miaka 17 kabla ya TED.

#21 Kaka wa Bagamoyo
Hapo nimenyamaza. Swali la kweli sasa: kama mchungu una sumu, kwa nini watu wasipande mtamu tu yakaisha?

#22 Mwanakijiji Mtwara
Kwa sababu nguruwe pori, nyani na mwizi nao wanapenda mtamu. Linley Chiwona-Karltun wa Malawi aliliandikia uzamivu wake: wanawake huchagua mchungu wakijua kabisa ni mchungu. Mwizi hawezi kung'oa na kutafuna njiani, lazima akae asindike, na mwenye shamba anabaki na chakula. Mjane aliye na shamba mbali na nyumba, ukimpa mbegu tamu umempunguzia chakula. Wataalamu wengi walikuja na mbegu tamu bila kuuliza hilo.

#23 Binti Takwimu
Mhandisi wa Chakula, kuna ile njia ya kulowesha unga ya Howard Bradbury wa Canberra. Tupe vipimo, wengi wanaikosea.

#24 Mhandisi wa Chakula
Ni rahisi na haigharimu kitu. Weka unga mkavu kwenye beseni, usawazishe, weka alama ukutani mwa beseni usawa wa unga. Tia maji kidogo kidogo ukichanganya. Unga utashuka kwanza kwa sababu hewa inatoka, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Tandaza juu ya mkeka safi au turubai, unene usizidi sentimita moja. Saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha pika ugali siku hiyo hiyo, ukilaza unaharibika. Sianidi inabaki kati ya theluthi na sehemu ya sita ya ilivyokuwa. Banea na wenzake waliijaribu kijiji cha Kay Kalenge, Popokabaka, na wakati wa mradi hakukutokea mgonjwa mpya.

Inapokosewa ni hapa: watu hutandaza nene kama uji wa mtoto kwenye sinia, katikati hakupumui na sianidi haitoki. Wengine hutia maji ya moto wakidhani yanaua sumu. Maji ya moto yanaua kimeng'enya, linamarini inabaki nzima, na umeharibu kazi yote.

#25 Nyamongo Asilia
Na udaga wa muhogo uliokaushwa juu ya moto jikoni msimu wa mvua? Kulowesha kunasaidia?

#26 Mhandisi wa Chakula
Ukikaushwa kwa joto kali kimeng'enya kimekufa, kulowesha hakutafanya kitu kikubwa. Huo ulitakiwa ulowekwe mzizi kabla ya kukaushwa. Ukitaka uhakika, tumia karatasi ya pikreti: miligramu 100 za unga ndani ya kichupa na kile kikaratasi chenye kimeng'enya kinacholetwa na kifaa, matone ya maji, ning'iniza karatasi ya njano juu bila kugusa unga, funga vizuri, acha saa 24. Ikibaki njano uko salama; kadiri inavyokwenda kahawia ndivyo sianidi ilivyo nyingi, unalinganisha na kadi ya rangi. Weka na kichupa kimoja kisicho na unga. Nacho kikigeuka kahawia, vifaa vyako vimechafuka, rudia upya.